Shingo Iliyotazama Barabarani

Wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza shingo.

Niliamka asubuhi moja, nikaketi kitandani, nikataka kumwambia mke wangu, anayelala kulia kwangu, kwamba kumekucha na sioni dalili ya chai. Shingo ikakataa. Kichwa kilikuwa kimeelekea kushoto, kwenye kabati la nguo, na hapo ndipo kilipoamua kukaa. Kwa hiyo nikaliambia kabati.

"Unazungumza na nani?" mke wangu akauliza.

"Na wewe."

"Mimi niko huku."

"Najua uko huko. Njoo huku."

Akazunguka kitanda, akasimama mbele ya kabati, akanitazama kama anavyotazama nyanya anazotaka kupunguziwa bei.

"Umelala vibaya," akasema.

"Nimelala kama siku zote."

"Basi siku zote unalala vibaya."

Mimi ni fundi makochi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana: mlango mpana unaofunguka pande mbili, barabara kuu hapo hapo nje, makochi yaliyovuliwa vitambaa yakisubiri zamu, magunia ya sponji, na cherehani yangu nzito ya zamani. Cherehani inatazama ukuta. Nikikaa kushona, ukuta uko mbele yangu, barabara iko kushoto, na nyuma yangu kuna ushoroba mfupi wenye pazia, unaokwenda jikoni na uani. Shule niliiacha mapema. Ninachokijua nimekijua kwa kukaa mahali pamoja na kuwatengenezea wengine mahali pa kukaa.

Mtoto ninaye mmoja, wa kike. Nilimfundisha kazi hii tangu hajafikia kanyagio la cherehani. Alikuwa na mkono mzuri. Mshono wake ulinyooka kuliko wangu, na sikumwambia, kwa sababu sifa humharibu mtu. Nilishampangia upande wake wa karakana na meza yake ya kukatia. Kisha siku moja, tukiwa tunakula, akasema:

"Baba, nimepata kazi. Nitaendesha lori."

"Lori? Na haya makochi atashona nani?"

"Wewe."

"Na nikifa?"

"Ukifa hutahitaji kochi."

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, akacheka mpaka akashika meza. Angecheka mtu mwingine ningevumilia. Lakini mama mkwe akikucheka nyumbani kwako mwenyewe, huwezi kumjibu, na hasira ile lazima itafute pa kwenda. Ikaenda kwa binti yangu.

"Una kiti hapa," nikamwambia. "Kiti chako mwenyewe."

"Nataka kiti kinachokwenda, baba."

"Basi siku ukipanda hilo lori lako, usipite nalo mbele ya karakana yangu. Umenisikia? Mbele ya karakana yangu usipite!"

"Nimekusikia," akasema. Hakulia, hakupiga kelele. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akafunga mkoba. Mtoto yule ni mkavu, sijui ameutoa wapi ukavu ule. Mke wangu anasema anajua.

Ule ulikuwa mwaka jana. Tangu siku ile, kila lori lililopita barabarani nililitazama. Sikutaka kulitazama. Nasikia mngurumo, mguu unaachia kanyagio, kichwa kinageuka kushoto chenyewe. Lori la saruji. Lori la soda. Lori la ng'ombe, na ng'ombe wananitazama pia. Hakuna lake. Narudi kwenye mshono, na mshono umeshapinda. Na barabara yetu ina malori, jamani. Ningekuwa na binti anayeendesha meli ningepumzika.

Mtu atauliza: mbona hukuigeuza cherehani itazame barabara? Nililiwazia hilo. Lakini fundi akigeuza cherehani aliyoachiwa na baba yake ikitazama ukuta, watu watauliza, "Fundi, unamngoja nani?" Na mimi sikuwa namngoja mtu. Hilo nilikuwa nimeshalisema nyumbani, kwa sauti kubwa, zaidi ya mara moja.

Basi nikaacha cherehani mahali pake, na shingo ikalipa.

*

Mtu wa kwanza kunitibu alikuwa jirani yangu kinyozi, ambaye kibanda chake kimegusana ukuta na karakana. Yeye huamini kwamba kila kilicho juu ya mabega ni eneo lake la kazi.

"Kaa kwenye kiti, fundi. Hii ni mishipa tu. Nashika hapa na hapa, unasikia ka! halafu unanishukuru."

Akashika hapa na hapa. Tukasikia ka! Kilikuwa ni kiti chake.

"Sasa je?" akauliza.

"Sasa inauma na upande huu ambao haukuwa unauma."

"Vizuri. Maumivu yanahama. Yakizoea kuhama yataondoka."

Mke wangu akanipeleka hospitali. Nilitembea kama kaa, bega la kushoto likitangulia, maana bila hivyo nisingeona niendako. Watu wakanipisha njiani wakidhani nataka kupigana. Mtaalamu wa viungo alikuwa mama mmoja mfupi mwenye vidole kama koleo. Akanibonyeza shingo, akanibonyeza bega, akasema, "Mm." Akabonyeza tena.

"Kazi yako, baba?"

"Nashona makochi."

"Unaposhona, kushoto kwako kuna nini?"

"Barabara."

"Barabarani kuna nini?"

"Magari."

"Unayatazama?"

Mke wangu akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na kifua.

"Upande huu misuli imefanya kazi ya watu wawili," mtaalamu akasema. "Wewe kwa miezi mingi unageukia huku, unageukia huku, unageukia huku. Una mgeni anayekuja?"

"Sina mgeni," nikasema.

"Basi mwambie asiyekuja aje," akasema, "au acha kumtazamia. Nitakupa mazoezi, lakini ukiendelea hivi, hata nikikunyoosha leo kesho utarudi umepinda." Akanionyesha jinsi ya kusukuma kichwa taratibu kwa kiganja, akanipa na dawa ya kuchua inayonuka hata mbu walihama nyumba.

*

Jumapili nikaenda kanisani. Kwa kuwa kichwa kinatazama kushoto, ilibidi nikae kiubavu kwenye benchi ili uso uelekee mimbari, na magoti yangu yakawa yanamchoma mama mmoja wa kwaya aliyekaa karibu. Akasogea. Magoti yakasogea naye. Mwisho akahamia benchi la nyuma na kuniachia nafasi ya watu watatu.

Mchungaji wetu ni kijana, ametoka chuoni si zamani, na chuoni walimfundisha Kigiriki. Ni mtu mwema, lakini Kigiriki kile kinamwasha kama ngozi mpya. Siku ile akasoma pale ambapo mtume anasema viumbe vyote vinangoja kwa shauku. Kisha akafunga kitabu.

"Ndugu zangu, hapa mtume hakutumia neno la kungoja la kawaida. Alitumia neno moja refu la Kigiriki: apokaradokia." Akalisema tena polepole, kama anayemfungulia mtoto pipi. "Apokaradokia. Ndani yake mna kichwa, na mna kutazamia, na mna kuyaacha mengine yote. Ni kungoja ambako mtu ametoa kichwa nje na kunyoosha shingo, anatazama njia, hageuki kulia wala nyuma. Si kungoja kwa mtu aliyelala. Ni kungoja kwa mtu ambaye... ambaye..."

Akawa anatafuta mfano. Macho yake yakazunguka kanisa, yakapita kwa wazee wa kanisa, yakapita kwa kwaya, yakanifikia mimi niliyekaa kiubavu nimenyoosha shingo. Nikamwomba Mungu ampe mfano mwingine. Mungu alikuwa na shughuli.

"...kama fundi wetu pale," mchungaji akasema.

Kanisa zima likageuka. Mimi peke yangu ndiye sikuweza kugeuka. Kicheko kilianzia kwenye kwaya, na hata mke wangu, niliyekula naye kiapo katika jengo lile lile, alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yakawa yanatikisika. Mama mkwe hakujifunika chochote.

Kufikia Jumatatu saa za asubuhi nilikuwa nimeshapata jina. Kinyozi ndiye aliyelifupisha. "Habari za asubuhi, Mzee Kara!" Wateja wake wakalichukua. Mtu alikuja kuulizia bei ya mto wa kiti, akasema ameelekezwa kwa Apokaradokia. Nikampandishia bei.

Mchungaji alikuja mwenyewe kuniomba radhi. Akaketi kwenye kochi lisilo na kitambaa, chemchemi zikamrusha kidogo.

"Mzee, nisamehe. Ulimi ulinitangulia."

"Neno lenyewe si baya," nikasema. "Ila hukusema jambo moja. Huyo anayenyoosha shingo, shingo anaielekeza wapi? Neno linasema?"

Akafikiri. Hilo nililipenda kwake, kwamba alifikiri kweli. "Halisemi, mzee. Linasema tu kwamba kinachongojwa kinakuja. Liko neno lingine la kungoja, ambalo pia ni kupokea. Ni neno moja kwa mambo mawili. Kana kwamba ukimngoja mtu umeshaanza kumkaribisha."

"Mlango wangu uko wazi kutwa," nikasema, nikiuonyesha mlango kwa mkono, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshauonyesha.

"Naona." Akasimama, akajipangusa nyuzi kwenye suruali. "Na huyo unayemngoja, mzee, anajua kwamba anangojwa?"

"Mimi simngoji mtu," nikasema.

Lori likapita. Nikalitazama mpaka likaisha. La matofali. Mchungaji naye alilitazama, kisha akaniaga kwa adabu.

Swali lile likabaki karakanani kama inzi. Nilishona nalo. Anajua? Atajuaje? Simu nilikuwa nayo, namba yake ilikuwemo, na kidole changu kilishaisimamia mara nyingi. Lakini ningesema nini? Mimi ndiye niliyesema usipite. Maneno si mshono, huwezi kuyafumua ukaanza upya kwenye kitambaa kile kile, matundu yanaonekana. Na ukweli nitausema: niliogopa kupiga simu nikamkuta hanihitaji. Bora barabara. Barabara haikujibu vibaya.

*

Kinyozi ndiye aliyeleta kioo. Kilikuwa kioo chake cha zamani, kimemeguka pembe.

"Mama wa vidole amekukataza kugeuka, si ndiyo? Basi tunakitundika hapa mbele yako, tunakilaza kidogo, barabara inakufuata yenyewe ukutani. Unashona, unaangalia mbele, unaona malori yako."

"Malori yangu yapi?"

"Malori ya serikali," akasema. "Shika msumari."

Akagonga msumari mmoja tu. Nikamwambia kioo kizito vile kinataka misumari miwili. Akasema yeye ametundika vioo kabla hata mimi sijaacha shule. Akakikalisha kimshazari, na kweli, mbele yangu ikatokea barabara nzima, ila imegeuzwa, malori ya kwenda yakawa ya kurudi. Shingo ilikuwa imeanza kulegea kidogo kwa yale mazoezi. Nikiikunja kwa ukali na kuizungusha stuli niliweza kukiona kioo sawasawa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikashona mto mzima bila kupindisha.

Wiki ile ile mke wangu akavua pazia la ushorobani, akasema anakwenda kulifua. Nikamwambia pazia ni safi. Akasema, "Wewe tangu lini unajua pazia safi?" Nikarudi kwenye mshono wangu.

Sasa nieleze kidogo kuhusu nyumba yangu, maana mjinga ndiye wa mwisho kujua yanayopikwa jikoni kwake. Nyuma ya uani kwetu, ukivuka kichochoro, kuna uwanja wa mbao. Mbao za fremu zangu nazinunua pale, na nilikuwa nimeshawasifu: mwaka huu mbao zinakuja zimenyooka, hazijaloa, aliyezipakia anajua kazi. Na ndani ya nyumba nilikuwa nimeona mambo. Kuna siku chakula kinapikwa kingi kuliko sisi watatu. Kuna siku mananasi yanatokea, matamu, ya aina isiyouzwa sokoni kwetu. Nikiuliza yametoka wapi, mke wangu anasema, "Kwenye mnanasi." Mama mkwe naye, ambaye kwa kawaida husema kama anaita mtu ng'ambo ya mto, siku nyingine ananong'ona jikoni. Nilidhani ni uzee.

Siku yenyewe nilikuwa nashona kiti cha mkono mmoja. Lori zito likaja, nikalisikia kabla ya kuliona, nikainua macho kwenye kioo. Likapita mlangoni na ukuta wote ukatetemeka, makopo ya misumari yakacheza, na kioo cha kinyozi, kwenye ule msumari wake mmoja, kikageuka kikalala sambamba na ukuta. Barabara ikatoweka. Nikamtaja kinyozi na ukoo wake.

Halafu nikaona. Kioo sasa kilinionyesha kilichokuwa nyuma yangu: ushoroba usio na pazia, na mwisho wake mlango wa jikoni. Mtu mwenye ovaroli ya buluu na mabuti alikuwa anaingia kutoka uani, amebeba gunia begani. Nyuma yake mama mkwe, kidole mdomoni, anamwashiria apite taratibu.

Nikawaza: mwizi. Kisha nikawaza: mwizi anayefunguliwa mlango na mama mkwe. Kisha nikawaza: mwizi anayeingiza gunia badala ya kulitoa. Hapo akili ikagoma. Nikashika kilichokuwa karibu, nyundo yangu ya misumari midogo, ambayo haiwezi kumtisha hata panya, nikashika njia ya ushorobani kikaa kikaa, bega la kushoto mbele, nyundo juu.

Jikoni, kwenye stuli iliyo karibu na meko, binti yangu alikuwa ameshaketi, sahani mapajani, shavu limejaa. Gunia la mananasi lilikuwa miguuni pake. Alinitazama. Akatazama nyundo. Akameza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema. Neno hilo halingoji ruhusa, hutoka lenyewe.

Sufuria ilikuwa inachemka, mke wangu akaipunguzia moto.

"Umeingiaje humu?" nikauliza mwishowe.

"Kwa mlango."

"Mlango upi? Mimi niko mlangoni kutwa nzima!"

"Wa nyuma. Ulisema nisipite mbele ya karakana. Sijapita. Nashusha mbao hapo uwanjani, navuka kichochoro, nakula, naondoka."

"Tangu lini?"

Akamtazama mama yake. Mama yake akatazama sufuria.

"Tangu mwezi ule ule alioondoka," mke wangu akasema. "Wewe ulikataza mbele. Nyuma hukukataza."

"Na ninyi wote mmekaa mnaniangalia! Mnaniona nanyoosha shingo barabarani mpaka imekwama, mpaka nimekuwa kichekesho kanisani, na huku yuko jikoni anakula!"

"Ulisema humngoji mtu," mke wangu akasema. "Nilikuuliza mara ngapi? Nikakuuliza kitandani, nikakuuliza hospitali kwa kikohozi. Nilitaka useme neno moja tu, nimwite apite mbele. Ningemwita bila neno lako, ungesema nani kamwita. Nakujua. Nami nilikuwa nangoja, mume wangu. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Hata mimi nilikuwa nangoja," mama mkwe akadakia, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya mto, kama maji yaliyofunguliwa. "Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, binti yangu, mkeo, anawangoja wote wawili, na mimi nangoja mmalize niongee kama mtu! Mwaka mzima nanong'ona nyumbani mwa mkwe wangu kama mwizi. Kunong'ona kwataka meno, mimi nimebaki na mangapi?"

Binti yangu aliweka sahani chini. Akainuka, akaja mbele yangu, yaani kushoto kwangu. Ovaroli yake ilikuwa na vumbi la mbao mabegani. Alikuwa amenenepa kidogo. Uso wake ulikuwa umeungua na jua upande mmoja, ule wa dirishani.

"Baba, shingo imefanya nini?"

"Imekwama."

"Imekwama na nini?"

"Na malori."

"Malori yamefanya nini?"

"Yamepita," nikasema. Nilitaka kuishia hapo. Mimi kwa kawaida huishia hapo. Lakini alikuwa amesimama pale pale ambapo kichwa changu kimeelekea na sikuwa na pengine pa kutazama. "Yamepita mengi sana. Na hakuna lililokuwa lako."

Kidevu chake kikatikisika mara moja, kisha akakikaza. Mkavu, nimesema.

"Liko wapi?" nikauliza.

"Uwanjani. Nimeshamaliza kushusha."

"Lilete mbele."

"Lakini ulisema—"

"Najua nilichosema. Nilikuwepo. Lilete mbele!"

Mke wangu akageukia ukuta na kuanza kufuta rafu ambayo ilikuwa kavu.

*

Kutoka uwanja wa mbao mpaka mbele ya karakana, kwa miguu ni pua na mdomo, lakini kwa lori lazima uzunguke mtaa. Tukatoka wote kusimama mlangoni. Kinyozi akatoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa, povu bado sikioni.

"Kuna nini, Mzee Kara?"

"Lori langu linakuja," nikamwambia. Nikalisema hivyo, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Kinyozi akamtazama mke wangu, mke wangu akamtazama kinyozi, na wote wawili wakatazama pengine haraka mno. Hapo ndipo nilipokumbuka pazia lililokuwa safi, na kioo kizito kwenye msumari mmoja. Sijawauliza mpaka leo. Mambo mengine ukiuliza unaharibu.

Tulisimama mstari mmoja, mimi, mke wangu, mama mkwe, kinyozi na mteja wake wa nusu kichwa, wote tumenyoosha shingo kushoto, upande ambao malori hutokea. Mchungaji angepita pale asingetafuta mfano. Tukangoja. Lori la maji likapita. Mama mkwe akalipungia mkono, akaambiwa silo.

Honi ikalia nyuma yetu, upande wa kulia.

Alikuwa amezungukia kwa juu, kwa sababu huku chini walikuwa wanachimba bomba. Wenzangu wakageuka kwa shingo. Mimi nilianza na miguu, kisha kiuno, kisha mabega, mzima mzima kama mlango wa ghala, na nilipofika lori lilikuwa limeshasimama mbele ya karakana yangu limeziba mwanga wote. Lori kubwa, jekundu, limeoshwa. Binti yangu alikuwa juu huko, mikono kwenye usukani. Hakushuka. Alikuwa ananisubiri niseme.

"Zima injini," nikasema, "unawatia moshi wateja wa kinyozi."

Akazima. Nikapanda. Nilimwambia asogee kiti cha abiria, nikakaa kwenye kiti chake cha udereva, nikakijaribu kwa makalio kama fundi anavyojaribu. Kilikuwa aibu. Sponji imekufa katikati, mshono wa ubavuni umefumuka, na aliyekiziba alitumia uzi wa viatu.

"Nani alishona hiki?"

"Kilikuja hivyo."

"Na wewe ukakikalia mwaka mzima? Mwenye mkono kama wako? Mshono wako unanyooka kuliko wangu, halafu unakalia takataka hii?"

Akanitazama. "Hukuwahi kuniambia hivyo."

"Nimekwambia sasa."

Kutoka pale kwenye usukani, kichwa changu kilivyokuwa kimeelekea kushoto, kilimtazama yeye moja kwa moja. Sikuhitaji kugeuka hata kidogo. Nikashika ukingo wa kile kiti, nikaupima kwa kiganja taratibu, kana kwamba ni kazi ngumu.

"Lazima kifumuliwe chote," nikasema. "Sponji mpya, kitambaa kipya. Utalazimika kungoja."

"Siku ngapi, baba?"

Chini kinyozi alikuwa anapiga kelele kwamba tumemzibia mlango, na mama mkwe anamjibu.

Kiti cha lori ni kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia wiki.